Acheni kumpamba askari wa Hitler

Kuna video inazungushwa kwenye magrupu siku hizi, bila shaka nawe umetumiwa. Sauti nzito ya msimulizi, muziki wa kutisha, vifaru vinatimua vumbi, na askari wa Kijerumani waliovaa makoti marefu wanatazama mbali kama watu wasiojua njaa. Jeshi lililoitikisa dunia, anasema msimulizi, kwa Kiswahili safi kabisa ambacho kingefaa kwa jambo la maana zaidi. Chini yake maoni yanamiminika. "Hao ndio walikuwa wanaume." "Mdachi hakuwa na masihara." Mmoja akamalizia kwa kutufundisha kwamba Hitler hakushindwa na mtu, alishindwa na baridi tu.

Baridi tu. Haya.

Ningepita kimya kimya, lakini aliyenitumia ni mpwa wangu, kijana ninayemlipia ada, kwa hiyo nina haki ya kukasirika. Mjomba, soma mpaka mwisho, usirukeruke.

Tuanze na hivyo vifaru. Tarehe 22 Juni 1941 Ujerumani ilipoivamia Urusi ya Stalin, askari wake karibu milioni 3 walivuka mpaka. Waliopanda vifaru na malori walikuwa sehemu ndogo. Waliobaki walitembea. Walitembea kutoka Poland hadi viunga vya Moscow, kiangazi kwenye vumbi, masika ya huko kwenye matope, huku mizinga na mikate yao ikivutwa na farasi zaidi ya 600,000. Farasi! Napoleon mwenyewe, aliyefanya ujinga huohuo mwaka 1812, hakuwa na farasi wengi hivyo. Kwenye video huwaoni kwa sababu wapiga picha wa Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, waliijua kazi yao: kifaru kinauza, farasi aliyezama kwenye tope hauzi. Picha mnazoshangilia zilipigwa makusudi ili kuwatia watu kiwewe, na miaka themanini baadaye bado zinafanya kazi ileile, tena bure, tena Mbagala.

Na bunduki yenyewe? Karabiner 98k. Mtambo wake ni wa mwaka 1898, inabeba risasi tano, na kila ukipiga moja lazima uvute komeo ndipo upige nyingine. Nguvu ya kikundi chao cha watu kumi hivi ilikuwa kwenye bombomu moja, MG 34 na baadaye MG 42, iliyoweza kutema risasi 1,200 kwa dakika. Kitu kinachokula kwa kasi hiyo lazima kilishwe, na wa kukilisha ni wale wengine, mikanda ya risasi shingoni na makasha mikononi. Kwa hiyo yule simba wenu, siku nyingi za vita, alikuwa mpagazi.

Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya, yaani askari wa Mwingereza wa kikosi cha KAR, akafika Burma mwaka 1944. Wajukuu tulimzunguka tukitaka mabomu, yeye akatupa miguu: malengelenge, soksi zilizooza, ruba kati ya vidole. Ukubwani nimesoma barua za askari wa Kijerumani na nimeikuta miguu ileile. Posta ya jeshi lao haikuwalipisha kitu, wakaandika mabilioni ya barua. Wanaomba nini? Soksi. Sabuni. Sigara. Wanalalamikia chawa, wanauliza kama ng'ombe amezaa, wanamwambia mama asiwe na wasiwasi. Babu yangu na hao jamaa wangekaa kibarazani wangeelewana vizuri sana juu ya unyayo wa binadamu.

Sasa hiyo baridi. Mabuti ya Kijerumani yalipigiliwa misumari ya chuma kwenye soli, na chuma kiliingiza baridi moja kwa moja mguuni. Vidole vikafa, vikakatwa, maelfu kwa maelfu. Waliosalimika katika majira yale ya baridi ya 1941 hadi 1942 walipewa nishani, nao wenyewe wakaibatiza nishani ya nyama iliyogandishwa. Huo ndio utani wa mtu aliyekwisha kumjua mkubwa wake. Maana nguo za baridi hazikutosha kwa sababu mkubwa alishapiga hesabu kwamba Urusi itakuwa imeanguka kabla theluji haijadondoka. Na theluji ile iliwadondokea Warusi pia! Au wao walikuwa wamepangiwa jua lao peke yao? Walivaa makoti ya pamba, wakavaa mabuti ya manyoya yaliyozidi saizi, na tarehe 5 Desemba 1941 wakaanza kuwasukuma Wajerumani kutoka Moscow. Hiyo siyo baridi. Hao ni watu.

Kuhusu mapigano yenyewe sina mengi, kwa sababu waliopigana nao hawana mengi. Mtu amelala ndani ya shimo alilochimba mwenyewe, mizinga inapiga kuanzia alfajiri, na wengi hawakumwona hata aliyewaua. Shingoni kila mmoja alivaa kibati cha duara bapa kilichotobolewa mstari katikati. Ukifa kinavunjwa vipande viwili, kimoja kinabaki na maiti, kingine kinapelekwa kwa makarani. Askari wa Kijerumani waliokufa katika vita ile ni kama milioni 5.3. Januari 1945 peke yake walikufa zaidi ya 450,000, vita ikiwa imeshapotea na kila mwenye macho anajua, huku vijana wa miaka 16 na wazee wa 60 wakiandikishwa kuziba mapengo. Wanaume kweli kweli.

Najua nitakachojibiwa. "Lakini wale walitumwa tu. Ungekataa, ungepigwa risasi." Hapa nitakubali kidogo, kwa shingo upande. Mahakama za jeshi la Hitler zilikuwa machinjio. Katika vita ya kwanza Ujerumani iliwanyonga na kuwapiga risasi askari wake 48. Katika vita ya pili, waliouawa kwa kosa la kutoroka jeshini peke yake wanakadiriwa kufika 15,000. Na waliotoroka wakapona waliitwa wasaliti kijijini kwao hadi uzeeni. Bunge la Ujerumani lilifuta hukumu zao mwaka 2002. Mwaka 2002! Kwa hiyo sisemi kwamba ilikuwa rahisi. Nasema tu kwamba "nilitumwa" ni neno la mtu aliyeulizwa swali moja, na mimi nataka kuuliza la pili: ulipopata mtu aliyenyoosha mikono juu, asiye na silaha, ulimfanya nini?

Hapo ndipo ugomvi wangu na video ile ulipo. Vita vyote vina mashujaa wa kupamba. Lakini mateka hawapambiki.

Jeshi la Ujerumani liliwakamata askari wa Kisovieti karibu milioni 5.7. Waliokufa mikononi mwao ni karibu milioni 3.3. Soma tena. Zaidi ya nusu. Kufikia mwanzoni mwa 1942, kama milioni 2 walikuwa wameshakufa, na hawakufa vitani, walikwishatoka vitani. Walifungiwa kwenye viwanja vitupu vilivyozungushiwa seng'enge, hakuna paa, hakuna chakula cha kuitwa chakula, wakala nyasi na magome ya miti. Haikuwa bahati mbaya ya ugavi. Ilikuwa mipango: chakula cha nchi ile kilitakiwa kiende Ujerumani na kwa jeshi lake, na wenyeji wafe. Amri ya tarehe 6 Juni 1941, kabla hata risasi ya kwanza haijalia, ilisema makamisaa, yaani maafisa wa chama cha kikomunisti ndani ya jeshi la Kisovieti, wakikamatwa wauawe. Wayahudi walichambuliwa kutoka kwenye mistari ya mateka na kupigwa risasi. Na kambi zile nyingi zililindwa na jeshi la kawaida, hao hao wa barua za soksi. Aliyewaswaga mateka barabarani na kummaliza aliyeanguka kwa uchovu hakuwa pepo. Alikuwa kijana wa mjini au wa shamba, anayejua kukamua ng'ombe, anayemwandikia mama asiwe na wasiwasi.

Na kama Urusi ni mbali na wewe, twende Ufaransa, Juni 1940. Huko walikuwapo Waafrika, wale walioitwa Wasenegali ingawa walitoka koloni zote za Ufaransa Magharibi ya Afrika. Kule Chasselay, karibu na Lyon, baada ya kujisalimisha walitenganishwa na Wafaransa weupe, wakapelekwa uwanjani, wakamiminiwa risasi. Yapo makaburi karibu 200 pale mpaka leo, yamejengewa ukuta mwekundu wa mtindo wa Sudan ya Magharibi, yaani eneo la Mali ya leo. Haikuwa Chasselay tu. Wanahistoria wanakadiria kati ya watu 1,500 na 3,000 waliuawa namna hiyo ndani ya wiki chache. Léopold Sédar Senghor, aliyekuja kuwa rais wa Senegal, alikamatwa mwezi huohuo na nusura naye awe miongoni mwao. Kwa hiyo, mjomba, hao "wanaume" uliowapigia makofi wangekukuta wewe umenyoosha mikono, nadhani unajua ungepangwa mstari upi.

Wanaotetea wanasema hizo zilikuwa kazi za SS, kikosi cha chama cha Hitler, jeshi lenyewe lilikuwa safi. Wajerumani wenyewe waliamini hivyo miaka mingi, na maonyesho ya picha yalipozunguka miji yao kuanzia 1995 yakionyesha jeshi la kawaida kwenye mauaji, watu waliandamana barabarani. Kweli baadhi ya picha zilikuwa na maelezo yasiyo sahihi, maonyesho yakafungwa, yakachunguzwa, yakafunguliwa upya mwaka 2001. Hoja ikabaki palepale.

Ila ushahidi unaonikera kuliko wote ni ule waliojitolea wenyewe bila kujua. Waingereza na Wamarekani walitega vinasa sauti kwenye vyumba vya mateka, Trent Park na Latimer kule Uingereza, Fort Hunt karibu na Washington. Mateka wakapiga soga, maafisa wakisikiliza ukuta wa pili. Zilipatikana kurasa zaidi ya 100,000. Wanaongea kama vijana wa kijiweni: magari, wanawake, chakula, na katikati ya hayo, bila kubadilisha sauti, namna walivyowapiga risasi wanakijiji au walivyotazama Wayahudi wakiuawa. Wapo waliochukizwa. Wapo waliocheka. Wachache sana walishangaa, na hilo ndilo lililonikosesha raha. Hakuna aliyewashikia bunduki ili wacheke.

Sasa geuza meza. Stalingrad, Novemba 1942, jeshi la sita la Ujerumani limezingirwa. Lilihitaji walau tani 300 za mizigo kwa siku, Göring, mkuu wa jeshi la anga, akaahidi kwamba ndege zitaleta, ndege zikaleta kama theluthi ya hiyo. Wakachinja farasi, kisha wakatafuna mifupa ya farasi. Walipojisalimisha, mwanzoni mwa Februari 1943, waliokamatwa walikuwa kama 91,000. Waliorudi nyumbani ni 6,000 hivi au pungufu. Wengi walikufa miezi ya mwanzo tu, kwa sababu walifika kambini wakiwa mifupa, homa inayoletwa na chawa ikawakuta hawana damu ya kupigana nayo, na Warusi wenyewe hawakuwa na mkate wa kula, sembuse wa kugawa. Mkuu wao Paulus, aliyepandishwa cheo kuwa fildi marshali siku moja kabla ya kukamatwa, hakufa njaa. Alitunzwa, akatoa ushahidi kwenye kesi za viongozi wa Kinazi kule Nuremberg, akaachiwa mwaka 1953, akaishi Dresden. Mpagazi wa risasi ndiye aliyezikwa kwenye shimo la pamoja. Hilo ndilo jambo pekee katika vita ile ambalo halihitaji mfasiri nchi yoyote.

Jumla yao waliopita mikononi mwa Wasovieti ni kama milioni 3. Moscow ilitoa hesabu ya vifo zaidi ya 350,000, Wajerumani wakakadiria hata zaidi ya milioni moja. Walichimba makaa, walikata miti, walijenga upya miji waliyoibomoa. Tarehe 17 Julai 1944 walitembezwa 57,000 katikati ya Moscow, watu wamejaa pembeni wakitazama, na nyuma yao yakapita magari ya maji yakiosha barabara. Wa mwisho walirudi kati ya Oktoba 1955 na mwanzoni mwa 1956, baada ya Adenauer, kansela wa Ujerumani Magharibi, kwenda Moscow kuwaombea. Kwenye kambi ya mapokezi ya Friedland kina mama walisimama wameshika picha za watoto wao zilizobandikwa kwenye mabango, wakimuuliza kila aliyeshuka: umemwona huyu? Miaka kumi na zaidi tangu vita iishe. Hapo hata mimi nilifunga kitabu kwanza. Mama hana jeshi.

Lakini nikakifungua tena, na hesabu ni hesabu. Hata ukichukua makadirio makubwa kabisa ya Wajerumani, mateka wao kwa Stalin, mtu asiyejulikana kwa huruma, alikuwa na nafasi kubwa ya kuishi kuliko mateka wa Kisovieti kwao.

Waliokamatwa na Wamarekani mwishoni mwa vita walilazwa kwenye mashamba wazi kando ya mto Rhine, Remagen, Sinzig, Bad Kreuznach, mvua inawanyea, wakichimba mashimo kwa mikebe ili walale. Wakapewa jina jipya la kisheria ili wasihesabiwe mateka na sheria za Geneva za kuwalinda mateka ziwekwe kando. Maelfu walikufa. Ilikuwa aibu, na wanaosema waliokufa pale ni milioni wanawauzia watu chumvi. Wafaransa nao waliwatumia kutegua mabomu ya ardhini. Tuache hilo.

Kwa sababu nataka kufika Marekani, na hapa mnivumilie.

Wajerumani zaidi ya 370,000 walipelekwa Marekani kama mateka, wengi wakitokea Afrika Kaskazini. Walivuna pamba, walikata miti, walilipwa senti 80 kwa siku, walikuwa na vilabu vya mpira na okestra. Wengi waliongezeka uzito. Vizuri, mateka atunzwe, ndiyo hoja yangu tangu juu. Sasa msikilize koplo Rupert Trimmingham, Mwamerika mweusi, aliyeandika barua kwenye jarida la jeshi lake liitwalo Yank, ikachapishwa Aprili 1944. Anasafiri na askari wenzake wanane weusi kutoka Louisiana kwenda Arizona, wote wamevaa sare ya Marekani. Wamelala njiani, asubuhi wanatafuta kahawa. Hakuna mgahawa unaowauzia. Pale stesheni wanaambiwa wazunguke nyuma, jikoni, wapewe kikombe na mkate huko. Wakiwa wamesimama hivyo, wanaingia mateka wa Kijerumani kama dazeni mbili na walinzi wao wawili. Wanaingia ukumbini, mlango wa mbele. Wanakaa mezani. Wanahudumiwa. Wanakula, wanaongea, wanavuta sigara, wanafurahi. Na Trimmingham na wenzake wanatazama kutoka nje, wakiwa na sare ya nchi iliyowateka hao wanaokula.

Aliuliza swali jepesi: hawa si ndio maadui walioapishwa? Sisi si ndio askari wa nchi hii? Mbona wanatunzwa kuliko sisi? Jarida lilifurika barua, nyingi za askari weupe walioona haya. Haya yao ilikuwa ya kweli, siikatai, ila haikununua kikombe cha kahawa.

Nimeisoma barua ile mara nyingi na kila mara hasira inanipanda upya. Hakuna anayemlaumu mpagazi wa bombomu kwa kukaa alipokalishwa. Lakini fikiria amejifunza nini pale mezani. Ameambiwa tangu shuleni kwamba dunia ina daraja za watu. Amepigana kwa ajili ya daraja hizo, ameshindwa, amevushwa bahari, na mshindi wake anampa chakula kinachosema: ulikuwa sahihi kidogo.

Waingereza walijaribu njia nyingine. Waliwachambua mateka kwa imani zao za kisiasa, wakawaita weupe, wa kijivu na weusi, na nadhani huhitaji kuuliza rangi ipi walipewa Wanazi sugu. Sawa bwana. Lakini waliwafundisha, waliwajadili, waliwaachia wakafanye kazi mashambani na kula meza moja na wenye shamba, na wengine kama 20,000 na zaidi waliamua kubaki kuliko kurudi. Mmoja wao wapenzi wa Manchester City wanamjua: Bert Trautmann, mtoto wa Bremen, askari wa miamvuli aliyepigana ardhini Urusi na Magharibi. Alisimulia baadaye kwamba huko Ukraine, msituni, aliona kwa macho yake raia wakiuawa kwenye handaki. Alidaka mpira kwenye kambi ya mateka ya Ashton-in-Makerfield. City walipomsajili mwaka 1949 watu kama 20,000 waliandamana kupinga, na aliyesimama kumtetea ni rabi wa Manchester, Alexander Altmann, mkimbizi kutoka Ujerumani yenyewe, akisema mtu mmoja asibebeshwe dhambi za taifa. Fainali ya kombe mwaka 1956 alimaliza mchezo na shingo iliyovunjika. Mwenyewe alikuwa akisema elimu yake halisi ilianza alipofika Uingereza, akiwa mateka.

Na huyu, mjomba, alikuja hapa. Miaka ya 1970 chama cha soka cha Ujerumani kilimtuma nchi mbalimbali kufundisha mpira, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Wachezaji wa wakati ule bado wapo, ni wazee wanaokunywa kahawa kwenye mabaraza yetu. Kama yupo msomaji aliyewahi kufundishwa naye, au ana baba aliyefundishwa naye, naomba aniandikie. Nataka kujua kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza habari za ule msitu, na alijibu nini.